Miti Mia Moja Arobaini na Miwili

Magarama, Gitega
Tarehe 12 Agosti 2024

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Audax,

Shikamoo, Baba. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka, si kwa adabu tu bali kwa sababu meza yetu moja imejaa vyombo vya harusi ambavyo bado sijaruhusiwa kuvitumia. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Siku ya harusi nilikuona ukilisugua kanisani kila tulipoambiwa tusimame. Mama naye, kile kikohozi cha vumbi la kiangazi kimepungua? Na ng'ombe amezaa? Kama ni ndama jike, naomba asipewe jina mpaka nije. Sisi huku ni wazima kabisa. Mimi niko mzima kiasi kwamba shangazi Ursula ananikataza kucheka kwa sauti. Anasema bibi harusi akisikika mpaka barabarani watu watauliza alilelewa wapi.

Shangazi Ursula ni yule shangazi wa Prosper kutoka Gishubi, yule mrefu aliyekataa soda siku ya harusi akisema inamkwaruza koo. Amekuja kukaa nasi mpaka tarehe 24, siku ya gutwikurura, mtakapokuja kunifunua na kunitoa ndani. Ananipikia, ananifulia, ananipaka mafuta, ananichunga. Mimi sigusi jembe, sigusi sufuria, sivuki kizingiti. Majirani wanatushangaa, maana hapa mjini wengi huyamaliza yote siku moja, asubuhi kanisani, jioni wanafunuliwa, kesho yake mtu yuko sokoni. Lakini wewe ulisema kule kwenye kambi ya wakimbizi tulioza watoto wetu kama watu wanaofukuzwa, na huyu wa kwanza kuolewa nyumbani ataolewa kwa utaratibu wote. Nilikubali kwa furaha na bado nina furaha. Nina dirisha moja, na nimekwisha kuijua Magarama yote kwa masikio: anayeuza makaa, anayenoa visu, na yule mama anayegombana na bata wake kila asubuhi.

Na nina Prosper. Baba, sijui niseme nini juu ya mkwe wako ambacho hukukiona mwenyewe. Unajua kazi yake, kwamba anakaa nyuma ya kioo kidogo pembeni mwa ukumbi wa Seneti, mbele ya vitufe vingi. Seneta akipewa nafasi ya kusema, Prosper humfungulia kipaza sauti, na dakika zake zikiisha humfungia. Basi asubuhi kabla hajatoka husimama mlangoni akaniambia, "Moja, mbili, moja, mbili," kama anayepima kipaza sauti, nami lazima nijibu kwamba nampata vizuri. Nisipojibu haendi kazini. Jioni hukaa kizingitini akikunja nyaya zake kwenye kiwiko, polepole, bila fundo hata moja, na mimi hukaa namtazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. Najua haya si ya kumwandikia mzazi. Yaruke, umsomee Mama.

Baba, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunzia kusoma kule Kigoma, tukiwa dawati moja, mimi na miaka minane na wewe na miaka yako. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba jambo zito liandikwe, ili mtu aweze kulirudia hasira ikishapoa. Na jambo lenyewe ni zito.

Mama alinipigia juzi Jumamosi. Alisema kwamba Alhamisi mlikuwa pale senta, watu wengi, redio ikasoma habari za Seneti. Ikasema seneta wetu, Mheshimiwa Klara, amemuuliza Waziri juu ya chemchemi moja ya Buhinyuza inayokauka kwa sababu ya mikaratusi mia moja arobaini na miwili iliyopandwa juu yake, na kwamba Waziri ameagiza ikatwe. Redio ikaongeza kwamba seneta aliyapata hayo katika barua ya mwananchi wa kilima hichohicho. Mama alisema watu wote walikugeukia wewe, na wewe ukaweka chupa chini bila kuimaliza ukaondoka. Kesho yake ukaziba kile kinjia kati ya nyumba yetu na ya Mzee Kastori kwa matawi ya miiba. Umesema ni yeye aliyeandika, kwa kuwa ni katibu wa kamati ya maji na hakuna mwingine anayejua idadi ya miti yako. Umemfuta katika orodha ya watakaokuja Gitega, yeye aliyetusemea siku ya mahari. Na Jumapili ijayo baada ya misa unampeleka mbele ya bashingantahe, wazee wa kilima wote, umshitaki kwa kukusengenya serikalini.

Nilipokata simu sikuweza kula. Shangazi Ursula alidhani nina mimba.

Nitafika kwa Mzee Kastori, Baba, nakuahidi. Lakini kwanza naomba uyasikie yote yaliyosemwa Seneti siku ile ya Jumatano, kwa sababu redio ilikupa nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yako. Ninayajua kwa sababu nilikuwepo.

Ndiyo. Nilitoka nje kabla ya kufunuliwa. Usimrushie Mama barua hii, ngoja nieleze.

Swali hilo Mheshimiwa Klara aliliomba tangu mwaka jana, baada ya ile ziara yake kwetu. Mara mbili Waziri aliahirisha, mara ya kwanza yuko safarini, mara ya pili ana mafua. Prosper aliporudi Jumatatu iliyopita na kuniambia kwamba safari hii Waziri anakuja kweli, nilimwambia nitakwenda kusikiliza hata kwa kutambaa. Kisha akaniuliza kama najua kwamba shangazi yake akigundua atamrudisha Gishubi kwa sikio. Kesho yake akaacha jina langu kwa walinzi wa mlango wa wageni.

Anayetukopesha pasi ya kunyooshea nguo ni jirani yetu Amisa, mke wa Rachid fundi cherehani. Nilipomweleza kupitia dirishani, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "We bibi harusi, mi nikikufunika, hata mama yako mzazi atapita hapa akuulize njia." Jumatano asubuhi shangazi Ursula alipokwenda sokoni kutafuta isombe, yale majani ya muhogo, Amisa aliingia na baibui lake la Idi na mtandio mkubwa, akanivika, akanishika mkono, tukatoka. Baba, jua lilinipiga usoni kama ndugu niliyemsahau! Tulikwenda vizuri mpaka karibu na msikiti, ambapo mzee mmoja wa heshima, kofia nyeupe, alitusimamisha na kusema, "Asalaam aleykum, wanangu." Na mimi, kwa sauti safi ya kwaya, nikamjibu, "Milele na milele, amina." Amisa alinifinya mpaka leo nina alama. Mzee alitutazama, akatutazama tena, akasema na sisi atatuombea.

Ukumbini tulikaa nyuma kabisa, kwenye viti vya wageni. Prosper nilimwona ndani ya kioo chake, amevaa shati lake la bluu. Aliinua macho mara moja tu. Amisa alisema haiwezekani amenitambua ndani ya nguo ile, lakini mimi nilijua amenitambua, kwa sababu alishika sikio lake, na hushika sikio anapofurahi.

Mheshimiwa Klara alianza na mambo ya huduma. Aliuliza kwa nini kituo cha afya kimoja huko kwetu kina friji ya chanjo lakini hakina umeme wa kuiendesha. Aliuliza pia pampu ya maji iliyoandikwa kwamba imetengenezwa, imetengenezwa wapi, maana yeye aliikuta imeota nyasi. Waziri ni mtu mpole mwenye miwani. Alijibu kwamba mambo yote hayo yako katika mpango. Kisha seneta akaingia kwenye chemchemi, na Waziri akasema kwamba kuhusu mazingira nchi inakwenda vizuri, mwaka huu imepandwa miti mingi kuliko mwaka jana, na mwaka jana mingi kuliko mwaka juzi. Ndipo Mheshimiwa Klara alipovua miwani yake na kusema, "Mheshimiwa Waziri, sikuuliza ni miti mingapi imepandwa. Nimeuliza ni mingapi imepandwa pasipofaa." Ukumbi ukacheka, hata Waziri akatabasamu, lakini kalamu yake akaishika.

Seneta akafungua karatasi. Alisoma kwamba kwenye kilima kimoja cha Buhinyuza kuna mikaratusi mia moja arobaini na miwili juu ya chemchemi, na kwamba mti wa kwanza uko hatua kumi na moja tu kutoka mahali maji yanapotokea. Alisoma kwamba miaka kumi iliyopita mwanamke aliweka dumu chini ya bomba akasali Baba Yetu mara moja, na dumu lilikuwa limejaa. Leo anamaliza fungu zima la rozari na dumu liko nusu. Alisoma kwamba wazee wa kike wa kilima hicho sasa wanateremka mpaka mtoni. Hayo ndiyo redio iliyoyachukua, Baba. Yalipofika hapo dakika tatu za seneta zilikwisha. Kiongozi wa kikao aliinua kalamu, ambayo ndiyo ishara ya Prosper kufunga kipaza sauti, na mwandishi wa redio, kwa mazoea, akazima chombo chake, na baadaye akaokota neno moja tu la Waziri, kwamba ikatwe.

Prosper hakufunga.

Hajawahi kuchelewa hata sekunde moja katika miaka minne, huitwa Saa ya Ukutani na wenzake. Siku hiyo alikaa na kidole juu ya kitufe, na Mheshimiwa Klara akaendelea kusikika, naye akasoma mwisho wa karatasi. Nayaandika kama alivyoyasoma, maana nayajua kwa moyo: "Mwenye miti hii si mtu mbaya. Alirudi toka ukimbizini na watoto, akakuta kilima kimekatwa kipara. Mradi mmoja ukaja, ukamgawia miche, ukamwambia apande pale juu ili udongo usiporomoke. Akapanda, akaitunza kama wanawe. Kisha mradi ukaenda zake. Je, Serikali itamwadhibu mtu kwa kuwa alitii?"

Waziri alimnong'oneza mtaalamu aliyekaa nyuma yake, kisha akasema kwa sauti, na safari hii bila kusoma popote, kwamba hapana, hakuna atakayetozwa faini wala kushitakiwa. Miti iliyo ndani ya mita hamsini kutoka kwenye chemchemi itakatwa, lakini mwenye miti akiikata mwenyewe kabla ya mwisho wa Septemba, mbao zote ni zake, na komine, yaani serikali ya pale kwetu, itampa miche ya kienyeji, mivumu na mingine isiyoyanywa maji kwa pupa. Asiyekata mpaka mvua ianze, komine itakata na kuchukua mbao. Hiyo ndiyo nusu uliyonyimwa, Baba. Ulisikia hukumu bila kusikia kwamba kuna mtu alikutetea, na kwamba utetezi ulisikilizwa.

Prosper aliitwa na mkubwa wake siku ileile akatakiwa aandike maelezo. Wenzake walimshauri aandike kwamba kitufe kilikwama. Yeye aliandika kwamba alikuwa anasikiliza. Mkubwa aliyasoma, akamwonya, akayaweka kwenye faili. Baba, niambie, mtu kama huyo nisimpende vipi?

Nilirudi nyumbani kabla ya shangazi, nikavua baibui, nikajitandaza kwenye mkeka kama mgonjwa. Alipoingia na isombe yake aliangalia miguu yangu, imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Alileta beseni la maji, akaniosha mguu mmoja, akauosha wa pili, akaukausha, ndipo akauliza kwa utaratibu kama Waziri alijibu. Kumbe alikuwa amesimama kwenye bucha la Saidi sokoni akisikiliza redio, na alijua kila kitu kuanzia Jumatatu, kwa sababu Prosper hawezi kumficha shangazi yake kitu. Alisema kwamba yeye alipoolewa alitoroka siku ya nne kwenda kuchungulia mbio za baiskeli.

Sasa, Baba, tafuta mahali ukae. Kama umesimama karibu na ile miiba, ondoka hapo kwanza.

Mzee Kastori hakuandika ile barua. Niliiandika mimi.

Unakumbuka ile ziara ya Mheshimiwa Klara mwaka jana, chini ya hema kwenye uwanja wa komine. Wewe ulikaa mstari wa mbele na kofia yako mpya. Watu walisema ya barabara, wakasema ya dawa, na hakuna aliyesema ya chemchemi, kwa sababu kila mtu alikuwa anaiona kofia yako. Kijana mmoja alikuwa akizunguka na kipaza sauti akampa kila aliyeinua mkono. Mimi niliinua. Akanifikia, akanipa, nikakishika, na mdomo ukakataa. Niliona kisogo chako, nikamrudishia. Hakunicheka. Aliniambia polepole kwamba maneno yasiyotoka mdomoni huweza kutoka mkononi, na kwamba msafara unaondoka saa tisa. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikaandika kurasa mbili juu ya gunia la maharage, nikakimbia tena, nikamkuta akikunja nyaya kwenye kiwiko. Nilimpa. Alisema ataifikisha mkononi mwa seneta. Wiki mbili baadaye aliniandikia kwamba imefika. Wiki ya tatu aliniandikia bila sababu yoyote.

Kwa hiyo Prosper hakunisaidia kubeba gunia la mchele kwenye stendi ya Muyinga. Gunia hilo halijawahi kuwepo. Tulilitunga ili usiulize tulijuana wapi. Na Mzee Kastori, masikini, siku ya mahari alijenga hotuba nzima juu ya gunia lile, jinsi lilivyokuwa zito, jinsi kijana alivyotembea nalo akiyumba kama bata, jinsi binti alivyohesabu kila punje kwa kuogopa kuibiwa, mpaka Mama akatoa machozi kwa kicheko na wewe ukampiga bega ukamwita ndugu. Nilikaa chumbani nasikia, nacheka na kuona haya pamoja.

Kuhusu idadi, umesema ni watu wawili tu wanaoijua. Wewe uliyepanda, na Mzee Kastori aliyekutania miaka yote kwamba Mtanzania amerudi na jeshi lake la askari mia moja arobaini na wawili. Umenisahau, Baba. Nani aliyebeba ile miche? Safari kumi kutoka barabarani, beseni kichwani, miche kumi na minne kila safari, na miwili uliyoibeba wewe mwenyewe mkononi kwa sababu ilikuwa na majani mabichi zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na shingo iliniuma wiki nzima. Na zile hatua kumi na moja nilizipima kwa miguu yangu, nikiwa nimeenda kuteka maji.

Utauliza kwa nini sikukuambia wewe kabla ya kumwambia seneta. Nilijaribu mara tatu. Kila nilipoanza, nilikumbuka siku tuliyopanda, ulivyosimama pale juu na jembe, udongo mpaka magotini, ukaniambia kwamba mtu anayepanda mti wa kuvuna baada ya miaka kumi hana mpango wa kukimbia tena. Tulikuwa tumerudi mwaka mmoja tu. Mama bado alikuwa anaweka nguo kwenye mfuko karibu na mlango, kwa mazoea. Baada ya maneno yale aliutoa ule mfuko akazitundika nguo. Basi nilipotaka kusema neno juu ya miti, niliona kama nasema neno juu ya kurudi kwetu. Nilikuwa mwoga, nikaandika. Na niliogopa zaidi baadaye, kwa kuwa barua ile ndiyo iliyonipa mume, na mtu hapendi kuchunguza mahali furaha yake ilipotoka. Wiki tatu nimekaa hapa napakwa mafuta, kumbe furaha yangu imemgharimu jirani yako.

Na ni jirani gani, Baba. Huyu ndiye tuliyemkuta ameikalia ardhi yetu tuliporudi. Wengine kilimani walipelekana mahakamani, wengine walichomeana nyumba. Yeye alitulaza nyumbani kwake msimu wote wa mvua ya kwanza, na kiangazi kilipofika alitoa kamba yake, mkaigawa ardhi kwa kamba ile, wewe umeshika ncha moja na yeye nyingine, mimi na Mama tukipigilia vigingi. Hakuna askari, hakuna hakimu. Ulisema siku hiyo ndiyo uliyorudi kweli, siyo siku ya lori lililotutoa kambini.

Kwa hiyo nakuomba mambo manne, na nakuomba nikiwa bado kwenye magoti. Toa ile miiba kwa mkono wako, usimtume mtu. Waambie bashingantahe kwamba Jumapili hakuna kesi. Nenda kwa Mzee Kastori umwombe ile kamba, najua bado ipo, aliifunga chini ya paa la jiko, mpime nayo mita hamsini kutoka kwenye chemchemi. Nadhani mia moja na kitu itaanguka, na thelathini au zaidi huko juu itasalia imesimama. Kisha mje naye tarehe 24. Msemaji wetu ni yeye, na hapa chumbani nimeshaapa mbele ya shangazi Ursula, naye ameapa pamoja nami: sitatoka kufunuliwa mpaka nimesikia sauti ya Mzee Kastori mlangoni ikiomba mfunguliwe. Mkija bila yeye nitakaa humu humu mpaka nizeeke, na pombe yenu mtainywa mkitazama pazia. Mwambie pia ukweli wa gunia, kabla hajalirudia kwenye hotuba.

Hasira yako nipe mimi. Nitaibeba kama nilivyobeba ile miche, safari kumi ikibidi.

Na kuhusu miti, nimefikiri sana, Baba, nikitazama dirisha langu. Ulisema ni ya mtu asiye na mpango wa kukimbia. Miaka kumi na mmoja imepita. Hatujakimbia. Mimi nimeolewa nyumbani, kwa utaratibu wote, ukiacha asubuhi moja ndani ya baibui la Amisa. Miti ile imemaliza kazi yake. Ikate kwa amani, uezekee nyumba, na maji yarudi kwa wale akina mama wanaoteremka mtoni.

Barua hii anakuletea Prosper mwenyewe, keshokutwa Jumatano, kwa kuwa kuna gari la kazi linalokwenda Muyinga, naye ataomba lifti mpaka kwetu. Anajua kilichomo ndani. Nilimwambia aiache mlangoni akimbie, lakini amesema atakaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Tafadhali mpe maji, na usimwangalie kwa lile jicho moja.

Nisalimie Mama na kikohozi chake, nisalimie ng'ombe. Nisalimie Mzee Kastori kabla ya wote. Shangazi Ursula anakusalimu na anasema atakunywa bia yenu, siyo soda. Amisa na Rachid wanakusalimu. Rachid amemshonea Mama kitu lakini nimekatazwa kusema. Bakini salama mpaka nitakapowasikia mlangoni, wewe na Mzee Kastori, wawili.

Ni mimi binti yako mwenye kosa na mwenye furaha,

Kasilda

Nimesahau: Prosper ameomba niongeze kwamba kama utahitaji mkono wa kukata miti, yeye anajua kutumia shoka. Sijawahi kumwona ameshika shoka, lakini mimi naamini kila anachosema. Wewe mtazame kwanza.